Nani Aliandika Bei ya Treni, na Alimwandikia Nani?

Ba yaya na badogo, kwenye ukurasa huu tumezoea kuchambua riwaya, nyimbo, hata hotuba za wakubwa. Leo ninataka tuchambue maandiko ambayo hakuna mtu anayaita maandiko: jedwali la nauli ya treni. Ile karatasi yenye majina ya vituo upande mmoja na bei upande wa pili. Mtaniambia hiyo si fasihi, ni bei tu. Sawa. Lakini ina mwandishi, ina msomaji ambaye mwandishi alimfikiria, ina maneno yaliyochaguliwa na mengine yaliyoachwa. Na kwa mtu asiye na feza mingi, njo maandiko yanayoamua kama atafika kwenye mtihani, kwenye kazi au kwenye matanga ya mjomba wake.

Dai langu ni moja. Nauli nzuri si ile ya chini tu. Nauli nzuri ni ile ambayo abiria anaweza kuihesabu mwenyewe kabla hajatoka nyumbani. Bei ya chini isiyo na kanuni ni zawadi, na mwenye kutoa zawadi anaweza kuikatisha kesho asubuhi bila kumuuliza mtu.

Tuanzie hapa kwetu. Shiye ba Shituru tulikulia kati ya kiwanda cha shaba na reli. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Mwaka 1952, wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville, njia ya kutoka hapa mpaka Tenke ilianza kutumia umeme, na nchi nyingi za dunia zilikuwa hazijafika hapo. Kwa hiyo hatuwezi kusema treni ni kitu kigeni kwetu. Lakini reli yetu ilijengwa juu ya shaba. Shaba njo ilikuwa sababu, na shaba njo ilikuwa abiria wa kwanza. Mutu alikuja nyuma yake.

Ukitaka kuona alama ya historia hiyo, angalia namna bei inavyosafiri. Bei ya kusafirisha tani ya shaba imeandikwa: kuna mikataba, kuna majedwali, kuna mawakili wanaosoma kila mstari. Bei ya mama mwenye gunia mbili za mahindi inasafiri kwa mdomo. Mtu akitaka kwenda Kamina au Kananga haendi kusoma, anaenda kuuliza: "Treni iko siku gani? Ni ngapi?" Na jibu tunalijua wote: "Inategemea."

Neno hilo "inategemea" linastahili uchambuzi wake. Si uongo. Nauli kweli inategemea mambo: umbali, daraja, umri, mzigo. Lakini asipokuambia inategemea nini, mwenye kujibu amebaki na ufunguo mfukoni. Wewe unabaki kuomba. Njo tofauti ya abiria na mwombaji: abiria anajua kanuni, mwombaji anangoja huruma.

Sasa tulinganishe na maandiko ya wengine. Ninaanza na Tanzania, kwa sababu kule nauli iliandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo hata sisi tunaisoma bila mkalimani.

Treni ya umeme ya Shirika la Reli Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwezi Julai ikafika Dodoma. Nauli haikutangazwa na shirika peke yake. Shirika lilipeleka mapendekezo kwa LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA ikasikiliza maoni ya wadau mwishoni mwa 2022, na nauli iliyotoka ikawa chini ya ile iliyoombwa. Kwa daraja la kawaida kanuni ilikuwa mistari miwili: mwenye umri wa zaidi ya miaka 12 analipa shilingi 69.51 kwa kilomita, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 analipa 34.76. Mtoto wa chini ya miaka 4 halipi.

Chukueni kalamu. Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 192. Zidisha kwa 69.51, unapata shilingi 13,346. Nauli iliyotangazwa ni 13,000. Dar mpaka Dodoma ni kama kilomita 444. Zidisha, unapata 30,862. Nauli iliyotangazwa ni 31,000. Mimi niko Shituru, na nimeweza kukagua bei ya treni ya Dodoma kwa kalamu. Karani akiniambia 38,000 kwa treni ile ile, nitajua kwamba ama amekosea ama ananijaribu. Kanuni iliyoandikwa inafanya kazi hiyo: inampa msomaji nguvu ya kusema "hapana, hebu tuhesabu pamoja".

Nikiitumia kanuni hiyo hiyo kwa safari yetu ya Likasi mpaka Lubumbashi, kilomita 120 hivi, ninapata kama shilingi 8,300 za Tanzania. Sisemi kwetu bei iwe hiyo. Mishahara ni tofauti, umeme ni tofauti, hali ya reli ni tofauti. Ninasema tu kwamba kanuni nzuri inaweza kuvuka mpaka na bado ikahesabika.

Lakini mchambuzi anayesifu tu hajafanya kazi. Someni tena ile mistari miwili. Mwanafunzi wa chuo yuko wapi? Hayumo. Ana zaidi ya miaka 12, kwa hiyo analipa sawa na waziri. Maandiko yale yanajua watu wa aina mbili tu, mtoto na mtu mzima, na kijana anayesoma bila mshahara amehesabiwa kuwa mtu mzima siku nyingi kabla mfuko wake haujakua. Jambo la pili: jedwali lenyewe linasema abiria atalipa nini, halisemi abiria atalipwa nini treni ikichelewa. Ahadi inaenda upande mmoja.

Kuna jambo jingine la kutumia, kwa wale watakaopita Dar. Shauri tunalosoma kila siku kwenye intaneti, "nunua tiketi mapema upate rahisi", halifanyi kazi kule. Nauli ni ile ile ukinunua leo au wiki mbili kabla. Kununua mapema kunakupa kiti, hakukupunguzii bei. Kinachopunguza ni kuchagua treni: ya kawaida kwenda Dodoma ilikuwa 31,000, ile ya haraka inayosimama vituo vichache ikawa 40,000. Kwa hiyo swali la mwenye mfuko mwepesi si "ninunue lini?", ni "je, hizo shilingi 9,000 ni bei ya haki kwa dakika nitakazookoa?" Kila mutu ajijibu.

Tupande kaskazini, Kenya. Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na daraja la chini likaanza kwa shilingi 700. Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Mwaka uliofuata ikawa 1,000. Tarehe 1 Januari 2024 ikawa 1,500, na daraja la kwanza likatoka 3,000 kwenda 4,500. Madaraja yote mawili yalipanda kwa nusu ya bei ya zamani siku moja, na sababu iliyotajwa ilikuwa kupanda kwa bei ya mafuta.

Sibishani na sababu. Treni zile zinatumia dizeli, na dizeli ilipanda kweli. Ninachokosoa ni maandiko. Sababu imeandikwa, hesabu haikuandikwa. Mafuta yalipanda kiasi gani, na sehemu gani ya nauli ni mafuta? Mafuta yakishuka, nauli itashuka? Msomaji hana pa kushika. Ile 700 ya mwanzo ilikuwa zawadi ya sherehe, haikuwa kanuni, njo maana ilipoondoka hakuna aliyeweza kuidai. Mtu aliyepanga maisha yake juu ya zawadi, kwa mfano mwanafunzi wa Mombasa anayesoma Nairobi, ndani ya miaka saba ameona nauli yake ikizidi mara mbili.

Lakini Kenya ina jambo moja zuri ambalo ninaomba mlikumbuke, nitalirudia chini: tiketi inakatwa kwa kitambulisho. Ina jina lako. Watu wanaona ni usumbufu. Mimi ninaona kuna heshima ndani yake.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Ukitoka Likasi, ukavuka mpaka wa Kasumbalesa, ukashuka na Zambia, unafika Kapiri Mposhi, mwanzo wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Huko kuna kanuni moja ambayo kwa miaka mingi imewashangaza wasafiri. Kwenye vyumba vya kulala, wanaume wanalala na wanaume, wanawake na wanawake. Bibi na bwana wanaotaka kulala chumba kimoja sharti wanunue chumba kizima: vitanda vinne daraja la kwanza, sita daraja la pili.

Kwa mara ya kwanza unaisoma kama amri ya wazazi. Ukiisoma tena, unaona ni kanuni ya bei. Watu wawili wanaotaka kuwa pamoja wanaweza kulipa vitanda vinne. Lakini marafiki sita waliomaliza chuo pamoja wanajaza chumba cha daraja la pili bila kulipa kitanda kisicho na mtu, na wanalala wakijua mizigo iko salama. Kanuni moja, na msomaji mmoja anapata hasara pale mwingine anapofaidika. Njo faida ya kusoma: treni haikubadilika, bei haikubadilika, wewe umebadilika kutoka mtu anayelalamika kuwa mtu anayepanga.

Na kwa wale kati yetu wanaopata masomo Ulaya, nitasema kifupi. Kule bei rahisi imefichwa ndani ya wakati. Uingereza, safari moja ina bei nyingi: ya kununua mapema kwa treni moja maalum, ya saa zisizo na watu wengi, na ya wakati wowote. Unaruhusiwa hata kukata safari moja vipande viwili na kununua tiketi mbili, mradi treni inasimama pale unapoikata, na mara nyingine jumla inakuwa chini ya tiketi moja. Kadi ya vijana wa miaka 16 mpaka 25 inakuondolea theluthi moja ya nauli nyingi. Ufaransa wana kadi ya miaka 12 mpaka 27. Angalieni: kule kijana ameandikwa. Ana mstari wake.

Lakini msikimbilie kuwasifu. Bei yenye milango kumi na miwili ni kodi kwa asiyejua milango. Mzee asiye na simu, mgeni aliyefika jana, mtu aliyepigiwa simu kwamba mama anaumwa na lazima asafiri leo, hao njo wanalipa bei ya juu kuliko wote. Mimi nikilazimishwa kuchagua, ninachukua mistari miwili ya LATRA kuliko kitabu kizima cha Waingereza. Kitu kimoja tu ningeiba Ulaya: sheria ya reli ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Juni 2023, inasema treni ikichelewa dakika 60 mpaka 119 abiria anadai robo ya nauli yake, ikichelewa dakika 120 au zaidi anadai nusu, isipokuwa kwa sababu kubwa zilizotajwa. Pale ahadi inaenda pande mbili. Tiketi inakuwa mkataba kweli, maana kila upande una kitu cha kupoteza.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuandika haya yote, maana kama ni kutafuta tiketi rahisi tu, ningewapa orodha na kunyamaza.

Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena kuelekea Tenke ilitoka relini pale Buyofwe, eneo la Lubudi, mkoa wa Lualaba. Watu wasiopungua 60 walikufa. Miaka minane kabla, Aprili 2014, karibu na Kamina, treni nyingine ya mizigo ilianguka na makumi ya watu wakafa. Baada ya Buyofwe maelezo rasmi yalisema jambo ambalo kwa sheria ni kweli: ile ilikuwa treni ya mizigo, haikutakiwa kubeba abiria, na waliokuwa juu yake walikuwa "clandestins".

Ninataka tulisome neno hilo kama tunavyosoma neno la shairi. Kwa Kifaransa maana yake ni mtu anayesafiri kwa siri, kwa kujificha. Lakini mamia ya watu waliokaa kwenye mabehewa na watoto, magunia, kuku na masufuria, wamejificha kwa nani? Kila kituo kinawaona. Kila kijiji kinawapungia mkono. Hawakujificha. Hawakuandikwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na neno moja limeyachanganya.

Mutu anapanda behewa la mizigo juu ya nini? Kwa sababu barabara ni mbaya au haipo, kwa sababu treni ya abiria inapita mara chache, na kwa sababu nafasi ile ni rahisi kuliko zote. Njo tiketi ya bei ya chini kabisa katika Katanga yetu: ile ambayo haipo. Na feza ikitoka, inatoka mkono kuingia mkono bila karatasi. Hiyo nauli ni rahisi mpaka siku ya ajali. Siku hiyo unajua kwamba ulichokosa si kiti. Ulikosa jina. Hakuna orodha ya kusomea familia. Hakuna mkataba wa kudai. Mtu anaanza kuhesabiwa akiwa maiti.

Njo maana nimesema tiketi yenye jina ina heshima ndani yake. Karatasi ndogo ile inasema: huyu alikuwa hapa, tulimpokea, tulikuwa na deni la kumfikisha.

Ninasikia jibu lenu tayari. "Yaya, unatuongelea jedwali, na treni yenyewe haiko." Ni jibu zito, silikwepi. Jedwali halivuti mabehewa. Reli iliyochoka haiponi kwa tangazo. Lakini sikubali kwamba lazima treni mpya ije kwanza ndipo kanuni ije baadaye. Tanzania nauli ilijadiliwa hadharani mwaka mmoja na zaidi kabla abiria wa kwanza hajapanda. Na kwetu huu ndio wakati wa kujadili. Mwaka 2022 Angola ilitoa njia ya Lobito kwa miaka 30 kwa muungano wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, na tangu hapo reli yetu ya kutoka Tenke na Kolwezi mpaka Dilolo imekuwa mazungumzo ya dunia nzima. Wanahesabu tani, siku za safari, dola kwa tani. Kama hakuna mtu anayeuliza sasa abiria ataandikwa mstari gani, mabehewa mapya yatakuja na mutu ataendelea kukaa juu yake kama zamani, bila jina.

Sisi tumesoma. Kati yetu kuna wanasheria, wahasibu, wahandisi, walimu. Kudai treni ni kazi kubwa ya serikali na mabenki. Kudai maandiko ni kazi ambayo hata sisi tunaiweza. Na kila mtu akipewa jedwali la nauli, popote pale, alisome na maswali haya matano.

Bei inahesabiwaje: kwa kilomita, kwa daraja, au kwa uso wa mtu? Nani amepewa mstari wake: mtoto, mwanafunzi, mzee, mama mwenye mzigo wa soko? Mzigo unaanza kulipiwa kilo ya ngapi, na nani anaupima? Nikibadilisha siku au nisiposafiri, ninarudishiwa nini? Treni ikichelewa au ikianguka, wao wana deni gani kwangu?

Liandikwe kwa Kifaransa kama sheria inataka, na liandikwe kwa Kiswahili kama abiria anavyosema. Bei iwe kwa franka. Libandikwe ukutani pale ambapo mama mwenye magunia anapita, si ndani ya ofisi ambayo hathubutu kuingia. Na liwe na mstari wa chini unaosema tarehe lilipoanza na tarehe litakapojadiliwa tena.

Jedwali lenye majibu matano ni maandiko mazuri hata kama bei yake inauma, maana bei inayouma tunaweza kubishana nayo. Jedwali lisilo na majibu ni maandiko mabaya hata kama leo ni rahisi. Na pale ambapo hakuna jedwali kabisa, msiseme hakuna maandiko. Yapo. Yameandikwa kwa neno moja, "clandestin", na yanasomwa mara moja tu, baada ya ajali.